Leza na kutu: mwanga uleule unaolinda chuma unaweza kukiozesha

Chukua mkasi wa upasuaji, ule wa chuma kisichoshika kutu, uugeuzegeuze chini ya taa. Karibu na kiungo chake mara nyingi utaona kijimraba cha vitone vyeusi, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Huo ni msimbo wa utambulisho. Mwaka 2013 Marekani ilitoa kanuni ya kuvipa vifaa vya tiba vitambulisho vya kipekee, na vyombo vinavyosafishwa na kutumika tena vikatakiwa kubeba alama hiyo kwenye mwili wake wenyewe. Njia iliyozoeleka ya kuiandika ni leza. Basi mkasi unaoshwa kwa sabuni kali, unaingizwa kwenye mtungi wa mvuke wa nyuzi 134, unatoka, unatumika, unarudi. Baada ya mizunguko kadhaa rangi ya kahawia inaweza kuanza kujitokeza. Makali ni mazima na kiungo kinachosuguana hakina doa. Kutu imeota palepale penye msimbo, nukta kwa nukta, kana kwamba mtu ameuchora upya.

Mwili mzima wa mkasi ule ni chuma kilekile. Sabuni ni ileile na mvuke ni uleule. Tofauti ni moja tu: penye msimbo mwanga wa leza ulipita, kwa muda usiofika hata kufumba na kufumbua.

Nimeanza na mkasi huu kwa makusudi. Habari nyingi kuhusu leza na kinga dhidi ya kutu huanza na ushindi, na ushindi upo kweli, nitaueleza. Lakini anayetaka kuelewa kazi ya profesa yeyote wa uhandisi wa malighafi anayetafiti leza na ulikaji, yaani metali kuliwa na mazingira yake, inafaa ajue kwanza kwamba leza yenyewe haizuii kutu. Inabadilisha ngozi ya metali. Ngozi ikibadilishwa vizuri, metali inadumu. Ikibadilishwa vibaya, inalika upesi kuliko kama isingeguswa kabisa. Utafiti wenyewe ni kutafuta mahali njia hizo mbili zinapoachana, na mara nyingi zinaachana ndani ya sehemu ya sekunde ambayo hakuna saa ya mkononi inayoweza kuipima.

Tone la maji ya chumvi

Tukisema chuma kimeliwa na kutu, tunazungumza kana kwamba kutu ni mdudu anayetafuna kutoka nje. Kwa kweli kutu ni mabaki tu. Kinachokula chuma ni umeme mdogo unaozunguka ndani ya chuma chenyewe na ndani ya maji yaliyokigusa.

Jaribio linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote ni la Ulick Evans wa Cambridge, la miaka ya 1920, na wanafunzi hulirudia hadi leo. Kibamba cha chuma kinasuguliwa kwa msasa mpaka king'ae. Juu yake linadondoshwa tone la maji ya chumvi lililotiwa kemikali mbili: moja inageuka buluu mahali ambapo chuma kinayeyuka, nyingine inageuka pinki mahali ambapo maji yamekuwa na tabia ya besi. Mwanzoni vidoa vya buluu na vya pinki vinatokeza ovyo, hasa kwa kufuata mikwaruzo ya msasa. Muda si mrefu vinajipanga. Katikati ya tone panakuwa buluu, ukingoni panakuwa pinki, na baina yake mduara mwembamba wa kutu unaanza kujichora wenyewe.

Ukingoni tone ni jembamba na hewa iko karibu, kwa hiyo oksijeni inaingia kwa wingi. Oksijeni hiyo inataka elektroni, na inazipata kutoka kwenye chuma. Katikati, ambako oksijeni imekwisha, atomu za chuma zinaachia elektroni zake na kuingia majini zikiwa ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme. Elektroni zinasafiri ndani ya chuma kutoka katikati kwenda ukingoni, ioni zinasafiri ndani ya maji, na mzunguko unakamilika kama ulivyo ndani ya betri. Kutu yenyewe inajengeka pale ioni za chuma zinapokutana na besi iliyozaliwa ukingoni, yaani kando kidogo ya mahali ambapo chuma kinapotea. Ndiyo maana doa la kutu si kila mara linakuonyesha kidonda kilipo.

Penye kidonda wataalamu hupaita anodi. Pale oksijeni inapopokea elektroni hupaita kathodi. Ili mambo yaanze, kinachotakiwa ni tofauti ndogo tu kati ya sehemu moja ya uso na nyingine: hapa hewa ni nyingi, pale ni kidogo, hapa kromi inatosha, pale imepungua, hapa kuna chembe yenye shaba, pembeni yake kuna alumini. Neno hilo, tofauti, ndilo la kushika katika makala haya yote, kwa sababu leza ina uwezo wa kuifuta tofauti na ina uwezo uleule wa kuitengeneza.

Hasara yenyewe ni kubwa mno. NACE, chama cha kimataifa cha wataalamu wa ulikaji, kilikadiria mwaka 2016 kwamba ulikaji unaigharimu dunia dola za Marekani trilioni 2.5 kwa mwaka, sawa na asilimia 3.4 ya pato la dunia. Makadirio hayohayo yalisema kati ya asilimia 15 na 35 ya gharama hiyo ingeweza kuepukwa kwa mbinu zinazojulikana tayari.

Kuna metali zinazojitetea zenyewe. Mwaka 1836 mkemia Schönbein alimwandikia mwanasayansi mwenzake Faraday kuhusu chuma kilichotumbukizwa katika asidi kali ya nitriki: badala ya kuyeyuka kwa fujo, kilitulia. Faraday alihisi kwamba uso wake umevaa oksidi, au kitu cha namna hiyo. Mwaka 1913 huko Sheffield, Harry Brearley alitengeneza chuma chenye kromi ambacho hakikushika kutu, na leo tunajua kwamba kromi ikifikia takriban asilimia 10.5, uso wa chuma hujivika utando wa oksidi ya kromi usioonekana kwa macho. Unene wake ni nanomita moja hadi tatu. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 70,000, kwa hiyo ungehitaji kupanga makumi ya maelfu ya tando hizo ili uufikie unywele mmoja. Utando huo ukikwaruzwa, kromi iliyo chini inakutana na oksijeni na kuuziba papo hapo. Hiyo ndiyo siri yote ya chuma kisichoshika kutu. Kromi ikipungua chini ya utando, hakuna cha kuuziba.

Saa ndiyo kisu

Einstein alieleza mwaka 1917 namna atomu iliyochangamshwa inavyoweza kusukumwa itoe mwanga unaofanana kabisa na mwanga ulioipita. Mwanafizikia Maiman akawasha leza ya kwanza Mei 1960, kwa fuwele ya yakuti. Historia ya katikati na ya baadaye ni ndefu, naipita. Kwa mtu anayeshughulika na kutu, kilicho muhimu ni kwamba mwanga ukipiga metali haupenyi. Sehemu kubwa inarudishwa kama kwenye kioo, na ile inayobaki inamezwa ndani ya makumi ya nanomita za kwanza tu. Hakuna tanuri wala mwali wa gesi unaoweza kuweka joto kwenye tabaka jembamba kiasi hicho.

Kutoka hapo joto linaanza kushuka ndani, na umbali litakaofika unategemea muda wa pigo la mwanga. Kwa chuma kisichoshika kutu, pigo la nanosekunde 10 linaacha joto lipenye chini ya nusu maikromita. Pigo la milisekunde moja linalifikisha kwenye makumi ya maikromita, karibu na unene wa unywele. Pigo la pikosekunde, ambayo ni sehemu ya elfu ya nanosekunde, linamalizika kabla joto halijapata nafasi ya kusafiri. Mhandisi wa leza hashiki patasi ya kuchagua kina. Anashika saa.

Mwanga ukizimika, chuma baridi kilicho chini kinalinyonya joto lile kwa pupa. Uso unaweza kupoa kwa kasi ya nyuzi laki kadhaa au hata mamilioni kwa sekunde. Katika kasi hiyo atomu hazipati muda wa kujipanga kama zinavyopenda. Zinakamatwa zilivyo. Hapo ndipo faida na hasara zote za leza zinapozaliwa.

Turudi kwenye mkasi. Leza ya kawaida ya kuandika alama hutoa mapigo ya makumi au mamia ya nanosekunde, maelfu kwa maelfu kila sekunde, na anayeiendesha huyarundika mahali pamoja ili uso upate joto bila kuchimbika. Uso unaota oksidi nene yenye rangi, jamaa ya ule upinde wa rangi unaoonekana pembeni ya mahali palipochomelewa. Oksidi hiyo inajijenga kwa kromi, na kromi inaitoa kwenye chuma kilicho chini yake. Alama ikipoa, juu pamebaki gamba leusi lenye nyufa nyembamba, chini yake tabaka la chuma lililonyang'anywa kromi. Sasa kumbuka kwamba mikasi na koleo za upasuaji hutengenezwa kwa chuma kigumu chenye kromi ya asilimia 13 hivi, na sehemu ya kromi hiyo tayari imefungwa ndani ya kabaidi, misombo ya kaboni na metali inayokipa ugumu wa kushika makali. Akiba ni ndogo tangu mwanzo. Ukipunguza kidogo tu, umeshuka chini ya mstari ule wa asilimia 10.5.

Kiwanda kinaweza kuutumbukiza mkasi katika asidi ya sitriki au ya nitriki ili kuurudishia utando wake, lakini asidi hiyohiyo inaweza kuifisha alama, na alama isiyosomeka haina kazi. Tatizo hili ndilo lililofungua mlango kwa leza za mapigo mafupi mno. Mbinu ya kuyakuza mapigo ya aina hiyo bila kuiunguza mashine yenyewe ilivumbuliwa na Donna Strickland na Gérard Mourou mwaka 1985, na mwaka 2018 ikawapa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia. Pigo la pikosekunde halipiki uso. Linaukwangua na kuuacha na matuta na mabonde madogo yanayouteka mwanga usitoke, na jicho linaona weusi. Rangi ya oksidi nene haihusiki. Chini ya weusi huo kromi imebaki mahali pake, na alama inavumilia asidi vizuri zaidi.

Kwa hiyo dawa ya kutu iliyoletwa na leza ilikuwa leza nyingine yenye saa fupi zaidi. Ukielewa hilo, umeelewa sehemu kubwa ya taaluma hii.

Kuyeyusha ngozi bila kuugusa mwili

Ndani ya chuma kisichoshika kutu cha kawaida mna vijipande vya salfaidi ya manganizi, masalia ya salfa iliyobaki wakati wa kuyeyusha. Ni vidogo kiasi kwamba huonekana kwa hadubini tu, lakini vishimo vingi vya ulikaji huanzia kwao. Kloridi ya maji ya chumvi inashambulia kando ya kijipande, kijipande kinayeyuka, kinaacha kishimo, na ndani ya kishimo maji yanakuwa ya asidi zaidi kila saa. Kishimo chenye mdomo mwembamba namna hiyo kinajilisha chenyewe. Mtu anaweza kutazama bomba linalong'aa kama jipya huku ukuta wake umekwisha kutobolewa.

Profesa anayeyeyusha uso kwa leza anashambulia chanzo hicho. Mwali unapita juu ya metali, unafungua kidimbwi cha metali iliyoyeyuka chenye kina cha sehemu ya milimita, na salfaidi zinayeyuka pamoja na kila kitu. Kidimbwi kinapoganda kwa haraka, salfa haipati muda wa kukusanyika tena katika vipande vikubwa. Inabaki imetawanyika. Tofauti imefutwa, au angalau imesagwa ikawa ndogo mno kuanzisha kishimo.

Mantiki hiyohiyo inafanya kazi kwenye aloi, yaani michanganyiko ya metali, za alumini za ndege. Ile inayojulikana kwa namba 2024 ina shaba ya asilimia nne na ushee. Shaba hiyo ndiyo inayoipa nguvu, na ndiyo inayoiponza, kwa kuwa inakaa katika chembe ambazo zikilowa huzua betri ndogondogo na alumini inayozizunguka. Leza za mwanga wa urujuanimno hutumika kuyeyusha maikromita chache za juu ili shaba ienee sawasawa ndani ya tabaka hilo. Mwili wa bamba, ambako nguvu inahitajika, haujui hata kama kuna jambo lililotokea.

Waliochunguza vyuma vilivyochapishwa kwa leza, tabaka kwa tabaka, kutoka kwenye unga, walikutana na jambo la namna hii bila kulitafuta. Chuma cha aina ya 316L kilichojengwa hivyo mara nyingi hustahimili vishimo vizuri kuliko kilichofuliwa kwa njia ya kawaida, kwa kuwa hakina salfaidi kubwa. Lakini kikiwa na matundu yaliyobaki baada ya kuchapishwa, kishimo kikishaanza, kukizima kunakuwa kugumu zaidi. Faida na hasara zimo ndani ya kipande kimoja.

Kidonda kinachowasumbua watafiti hawa zaidi kiko kwenye ukingo wa mchirizi. Mwali wa leza ni mwembamba, kwa hiyo uso mpana hutibiwa kwa michirizi mingi inayolaliana, kama shamba linalolimwa kwa tuta baada ya tuta. Kila mchirizi mpya unapasha moto upya kando ya ule uliotangulia. Kuna ukanda fulani pale ambao hauyeyuki, unapata joto tu. Katika vyuma visivyoshika kutu vyenye kaboni ya kutosha, joto la kati ya nyuzi 450 na 850 hivi ndilo la hatari: kaboni inaikamata kromi kwenye mipaka ya punje za metali na kuiacha mipaka hiyo bila ulinzi. Hivyo unaweza kuutibu uso wote na bado ukabaki na mistari myembamba, sambamba, iliyodhoofika kati ya michirizi. Mtu akipima wastani wa uso mzima hataiona. Kutu itaiona.

Kuivika metali nguo nyingine

Wakati mwingine ngozi ya asili haitoshi hata ikiponywa. Nguzo za haidroliki za mashine zinazofanya kazi baharini ni mfano mzuri: mwili wake ni chuma cha kawaida chenye nguvu, na kwa miongo mingi uso wake umepakwa kromi ngumu kwa umeme. Tatizo la kwanza la upakaji huo ni beseni lenyewe. Linatumia kromi yenye chaji sita, ambayo husababisha saratani, na Umoja wa Ulaya umepiga marufuku matumizi ya kromi trioksidi bila kibali maalumu tangu Septemba 2017. La pili ni kwamba kromi ngumu huwa na nyufa ndogondogo, na imejishikiza tu juu ya chuma bila kuungana nacho.

Leza inatoa njia nyingine. Unga wa aloi unapulizwa kupitia mdomo unaouzunguka mwali, unaingia kwenye kidimbwi kilichofunguliwa juu ya chuma, unayeyuka na kuganda ukiwa umeungana na mwili kama mshono wa kuchomelea. Haubanduki kama ganda. Kasoro ni kwamba chuma cha chini nacho huyeyuka na kujichanganya na nguo mpya. Ukivalisha aloi 625, yenye nikeli, kromi ya asilimia 20 hadi 23 na molibdeni ya 8 hadi 10, kila asilimia ya chuma inayopanda juu inaipunguzia thamani. Viwanda vya mafuta vina madaraja mawili kwa jambo hili: chuma kisichozidi asilimia 5 usoni, au kisichozidi 10. Leza inapendwa kwa sababu inaweza kukaa ndani ya daraja la kwanza kwa tabaka jembamba, kazi ambayo uchomeleaji wa kawaida huifikia kwa kurundika tabaka juu ya tabaka.

Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya teknolojia ya leza huko Aachen, Ujerumani, walilipeleka wazo hilo mbali. Badala ya kuuacha unga uyeyuke ndani ya kidimbwi, waliuyeyusha hewani, ndani ya mwali, kabla haujagusa chuma. Matone yaliyokwisha kuyeyuka yanahitaji kidimbwi kidogo tu cha kuyapokea, na kazi inakwenda kwa mamia ya mita kwa dakika, kutoka mita moja au mbili za awali. Tabaka linakuwa jembamba, sehemu ya kumi ya milimita au pungufu, na hilo ndilo lililofanya leza ianze kushindana na kromi ngumu kwenye nguzo za haidroliki. Mwaka 2017 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Joseph von Fraunhofer. Binafsi naihesabu kuwa ushindi mkubwa kuliko mwingine wowote katika taaluma hii, kwa sababu inawaondoa wafanyakazi kwenye beseni la sumu wakati huohuo inapolinda chuma.

Ufa wa milimita mbili na nusu

Tarehe 15 Desemba 1967, jioni, Silver Bridge, daraja lililovuka mto Ohio kuunganisha West Virginia na jimbo la Ohio, lilianguka likiwa limejaa magari. Watu 46 walikufa. Lilining'inizwa kwa minyororo ya vyuma virefu vyenye matundu, yaitwayo macho, ncha zote mbili, na uchunguzi uliishia kwenye jicho moja, kwenye ufa wenye kina cha takriban milimita 2.5. Ufa huo ulikua kwa miaka chini ya mvuto wa mzigo na ulikaji vikisaidiana. Ulikuwa ndani ya kiungo, mahali ambapo mkaguzi asingeweza kuuona bila kukifungua.

Ulikaji wa aina hii unatisha kwa sababu haupunguzi unene. Chuma ni kizima, isipokuwa kwenye mstari mmoja. Unataka vitu vitatu kwa pamoja: metali inayoweza kushambuliwa, mazingira yanayoishambulia, na mvuto unaoachanisha uso. Ukiondoa kimoja, ufa hausogei.

Leza inaondoa cha tatu, na namna inavyofanya naiona ya kuvutia kuliko zote. Uso unafunikwa na maji. Pigo la nanosekunde chache hadi makumi linapita ndani ya maji na kugeuza ngozi ya juu kabisa kuwa plazma, gesi ya moto mno yenye chaji za umeme. Plazma inataka kutanuka, maji yanaibana, na shinikizo linapanda hadi mara makumi ya maelfu ya shinikizo la hewa tunayovuta. Wimbi la mshtuko linaingia ndani ya metali na kuibonyeza. Wimbi likishapita, metali iliyobonyezwa inabaki imebanwa na ile inayoizunguka, hadi kina cha milimita moja au zaidi. Uso uliobanwa hivyo haufunguki kirahisi, hata mzigo ukivuta. Joto hapa ni jambo dogo. Leza imefanya kazi ya nyundo. Japani, kampuni ya Toshiba ilianza mwaka 1999 kuitumia mbinu hii ndani ya mitambo ya nyuklia, chini ya maji, kwenye mishono iliyokuwa hatarini kupasuka. Walichagua mwanga wa kijani kwa sababu maji huupitisha vizuri.

Mbinu mbili zaidi zinafaa kutajwa, kwa ufupi. Ya kwanza ni kusafisha kutu iliyokwisha kushika. Kutu inameza mwanga vizuri kuliko chuma tupu, kwa hiyo ukipima nguvu kwa uangalifu, kutu inaruka kuwa vumbi na mvuke, na mwali ukifika kwenye chuma king'avu unarudishwa. Kazi inajizuia yenyewe, na hakuna mchanga wa kuzoa baadaye, kama ilivyo kutu inapoondolewa kwa kupulizia mchanga. Ila video zinazoonyesha bamba lenye kutu likigeuka rangi ya fedha zinakatika mapema. Chuma cha kawaida kilichosafishwa hivyo kiko uchi, na kisipopakwa rangi mapema kitaanza upya. Vumbi la rangi za zamani zenye risasi nalo linahitaji kuvutwa na mashine, siyo na mapafu ya fundi.

Ya pili ni kuuchora uso kwa vimatuta vidogo ili maji yabingirike kama juu ya jani la yungiyungi. Inapendeza kuitazama. Uso uliotoka kwenye leza sasa hivi kwa kawaida hufanya kinyume, yaani unayavuta maji, na hugeuka kuyakataa baada ya siku au wiki kadhaa, unapokusanya mvuke wa vitu vya kikaboni kutoka hewani. Kinachoulinda ni hewa iliyonaswa kati ya vimatuta. Ukiuzamisha kwa muda mrefu hewa hiyo inatoka, ukiusugua vimatuta vinakatika. Sijashawishika kwamba njia hii peke yake itabeba mzigo baharini.

Kupima, kisha kusubiri

Katika maabara za aina hii, leza huwaka kwa dakika chache na vipimo huchukua muda uliobaki. Kipande kilichotibiwa kinatumbukizwa katika maji yenye chumvi ya asilimia 3.5, kiasi kinachokaribia cha bahari, kikiwa na elektrodi mbili pembeni. Kifaa kinapandisha volti polepole na kusoma mkondo unaopita. Kwa muda mrefu mstari unakaa chini, umetulia: utando unashikilia. Kisha mahali fulani mkondo unaruka juu ghafla. Kishimo cha kwanza kimefunguka. Volti ambayo mruko huo ulitokea inalinganishwa na ya kipande ambacho hakikuguswa, na hapo hoja za nadharia zinanyamaza. Baadaye kipande kinakatwa, kinang'arishwa, na kuwekwa chini ya hadubini ili ijulikane kishimo kilichagua wapi: katikati ya mchirizi au kwenye ukanda wa kando.

Viwanda hupenda jaribio la ukungu wa chumvi, la asilimia 5 kwa nyuzi 35, saa mia kadhaa ndani ya sanduku. Linafaa kugundua kazi mbovu. Halisemi kipande kitaishi miaka mingapi, kwa sababu ndani ya sanduku hakuna jua, hakuna kukauka na kulowa tena, hakuna ndege wala vumbi.

Kwa hilo pana njia moja tu. Huko Kure Beach, North Carolina, vibao vya metali vimekuwa vikifungwa kwenye rafu na kuelekezwa baharini tangu miaka ya 1930. Uwanja mmoja uko mita 25 hivi kutoka majini, mwingine mita 250. Umbali huo mfupi unatosha kubadilisha kasi ya kulika kwa chuma cha kawaida mara kadhaa. Kibao kilichotibiwa kwa leza kwa nusu dakika, kikifungwa mahali kama pale, kinahitaji kukaa miaka kumi au ishirini kabla hakijatoa jibu la kuaminika. Mwanafunzi aliyezikaza skrubu atakuwa amehitimu zamani. Pengine ni mtu mwingine kabisa atakayekishusha, akioshe chumvi, akigeuze kwenye mwanga na kuanza kutafuta vishimo kando ya michirizi.